Bisi za Halloween, Tamu na Chumvi, Zisizo na Siagi wala Asali

Mliofika mwaka huu, karibuni sana Nebraska. Najua mmeshaona maboga yamepangwa kwenye ngazi za nyumba za watu na mifupa ya plastiki inaning'inia mitini, mkajiuliza wenzetu hawa wamepatwa na nini. Ni Halloween hiyo, usiku wa tarehe 31 Oktoba. Nimeombwa niandike upishi kwa ajili ya toleo hili, nami nimechagua bisi. Lakini kabla hatujashika sufuria, lazima nikiri kosa langu, maana upishi huu umetokana nalo.

Kwanza asili ya jambo lenyewe. Halloween ni usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Wahamiaji kutoka Ayalandi na Uskoti ndio walioieneza Marekani katika karne ya 19. Kwao walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu, huku wakakuta maboga, makubwa na laini kuchonga. Watoto hupita nyumba hadi nyumba wakiomba vitu vitamu. Siku hizi hupewa pipi za paketi, ila zamani mama wengi wa nyumbani walikuwa wakiwapa mabonge ya bisi yaliyoshikana kwa sukari. Kwa hiyo bisi si ngeni kwenye shughuli hii. Wapo wenzetu ambao imani yao haiwaruhusu kusherehekea, na hiyo ni haki yao. Bisi zenyewe hazina dini, wanaweza kuzila usiku wa kujisomea mtihani.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza, wanafunzi wa ghorofa yetu walikubaliana kila mtu alete chakula usiku wa Halloween. Mimi nikapika bisi za siagi na asali. Jirani yangu wa mlango wa pili, dada mmoja Mmarekani, ndiye aliyekuwa amenipeleka na gari lake kununua koti langu la kwanza la baridi. Yeye ni vegani, yaani hali nyama, samaki, maziwa, mayai wala asali. Akaniuliza, "Hizi naweza kula?" Nikacheka, nikamwambia, "Kula tu, ni mahindi!" Akala, tena akasifu. Baadaye mtu akaniomba nieleze nilivyozipika, nikaanza kuorodhesha: siagi, asali... Jamani, nilimwona alivyobadilika uso. Hakunigombeza. Aliweka kibakuli chini, akaaga, akaenda chumbani kwake. Tangu siku ile nikimkaribisha chochote anasema ameshiba.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Jioni ileile mimi mwenyewe, Mwislamu wa Tanga, nilikuwa nimepita meza nzima nikiuliza kipi kina nguruwe, na kila mtu alinijibu kwa ukweli. Kuna aliyekwenda jikoni kuleta paketi ili tusome pamoja. Mimi nilitaka swali langu liheshimiwe, halafu la mwenzangu nikalifanyia mzaha kwa sababu kwa mawazo yangu siagi si nyama. Mtu akila mkononi mwako anakuamini, basi.

Nilikwenda kumwomba radhi, kisha nikaanza kujifunza. Neno hilo la vegani lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao, na tangu mwaka 1994 tarehe 1 Novemba ni Siku ya Vegani Duniani. Yaani ni kesho yake ya Halloween! Nilijifunza pia kusoma maandishi madogo ya paketi. Zile pipi laini nyeupe wanazoziita marshmallow kwa kawaida zina jelatini, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe. Kwa hiyo hapo vegani na Mwislamu wako mashua moja. Hata sukari nyeupe ya miwa, kuna viwanda hapa Marekani vinavyoisafisha kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Sukari ya kiazisukari haipitishwi huko, wala ile iliyoandikwa kuwa ni ya kilimo hai. Na ndugu zetu Wahabeshi wa Kanisa la Orthodoksi, Jumatano na Ijumaa huwa katika mfungo, hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Bakuli moja lisilo na kitu cha mnyama linawatosha wote hao.

Haya, tuingie jikoni.

MAHITAJI

Mahindi ya bisi, nusu kikombe (yatatoa kama vikombe 14)
Mafuta ya nazi, vijiko vikubwa 3 vya kukaangia, na robo kikombe kwa sukari
Sukari ya kahawia, kikombe 1
Sirapu ya mahindi, robo kikombe
Tui zito la nazi la kopo, robo kikombe
Chumvi laini, kijiko kidogo 1
Soda ya kupikia (bikaboneti ya sodiamu), nusu kijiko kidogo
Mbegu za boga, kikombe 1

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Anza na mbegu. Wenzetu wakichonga boga hutupa matumbo yake yote, nasi kwetu boga haliachwi kitu, hadi majani yake ni mboga. Waombe mbegu, watakupa kwa furaha. Zioshe, zikaushe kwa kitambaa, zipake mafuta kidogo na chumvi, kisha zioke kwa nyuzi 325 za Farenhaiti (kama 160 za Selsiasi) kwa dakika 20 hivi, mpaka zilie zikitafunwa.

2. Weka vijiko 3 vya mafuta kwenye sufuria nzito pamoja na punje tatu za mahindi, funika. Punje hizo zikipasuka, mimina zilizobaki, funika tena ukiacha upenyo mdogo wa mvuke, na utikise sufuria. Milio ikipungua hadi sekunde mbili kati ya mmoja na mwingine, ipua. Tandaza bisi kwenye trei kubwa yenye karatasi ya kuokea na uondoe punje zisizopasuka, zisije zikavunja meno ya watu.

3. Sufuria nyingine weka sukari, sirapu, tui, robo kikombe ya mafuta na nusu ya chumvi. Ikichemka, hesabu dakika 5 kwa moto wa wastani. Waliokulia kwenye kashata watajua: dondosha tone kwenye maji baridi, likikaza kama gololi, imeiva. Angalieni mikono, sukari hiyo inaunguza kuliko maji ya moto.

4. Ipua, tia soda, koroga haraka. Itaumuka na kupauka rangi. Mimina juu ya bisi na mbegu, geuza kwa mwiko.

5. Oka kwa nyuzi 250 za Farenhaiti (120 za Selsiasi) kwa dakika 45, ukigeuza kila baada ya dakika 15. Zikitoka, nyunyiza chumvi iliyobaki kabla hazijakauka, uziache zipoe kabisa. Zitakuwa kavu, zinavunjika.

KWA NINI IWE HIVYO

Punje ya bisi ina ganda gumu na ndani yake kiasi cha asilimia 14 ya maji. Ikifika nyuzi 180 za Selsiasi hivi, maji yale yamegeuka mvuke wenye nguvu, ganda linapasuka na wanga unafumuka. Ndiyo maana mahindi yaliyokauka kupita kiasi hayapasuki. Mafuta nayo yachaguliwe. Mafuta ya nazi yenye harufu, yasiyosafishwa, huanza kutoa moshi karibu na joto hilohilo, na moshi ukiamsha kengele ya moto, bweni zima mtasimama nje kwenye baridi na kandambili. Yamenikuta! Nunua yale yaliyosafishwa. Sirapu inazuia sukari isirudi kuwa chenga, na soda inaijaza vipovu ili isiwe ngumu kama jiwe. Chumvi inaufanya utamu usichoshe.

Karanga na korosho sikuziweka makusudi. Kwa watu wenye mzio wa karanga, chembe ndogo tu inaweza kuhatarisha maisha. Na sufuria yenyewe ioshwe vizuri, usitumie ile uliyotoka kukaangia karanga.

Mwaka wa pili nilizipika hivi. Pembeni ya bakuli niliweka kadi yenye kila kitu kilichomo, hadi aina ya sukari, na paketi zenyewe nikazipanga nyuma yake. Jirani yangu alikuja, akasoma kadi, akainua paketi ya sukari, akasoma pia. Kisha akaniuliza, "Sufuria je?" Mwaka uliotangulia ningecheka. Safari hii nikamjibu kuwa nimeiosha mwenyewe kwa sabuni, na mwiko ni mpya. Akachukua bisi moja, akatafuna taratibu. Halafu akajaza kikombe, akakaa.

Hatukuzungumzia yaliyopita. Alinilaumu tu kwamba nimeweka mbegu chache.

Basi ndugu zangu, kwenye shughuli zetu za chama tuanze utaratibu huo wa kadi, iwe pilau, sambusa au bisi. Na mtu akikuuliza kilichomo, usimjibu kwa mzaha. Kama hujui, mwambie hujui, atakushukuru. Mwenye sufuria kubwa ajitokeze kabla ya tarehe 31, yangu inatoa vikombe 14 tu na nyie nawajua.

Karibuni tule!