Je, Wajua? Bomba la Jikoni Lina Mahali pa Kujificha

Je, wajua neno "bomba" tulilichukua kwa Wareno, na kwao ni pampu?

Je, wajua mradi wa maji wa Ziwa Victoria mkoani Simiyu una chanzo chake Busega, na Bariadi ni mmoja wa miji inayolengwa? Bomba kubwa linafukiwa ardhini. Ila nyumba iliyopigwa lipu kabla maji hayajafika mtaani, bomba lake dogo hupita juu ya ukuta, likikusanya masizi na mafuta ya kukaangia.

Wajua ukuta una kiasi chake? Wajenzi wana kanuni: mfereji unaochongwa ukutani kuficha bomba, ukiwa wa kusimama, kina chake kisizidi theluthi ya unene wa ukuta, ukiwa wa kulala kisizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wa sentimita 15 basi unaruhusu mfereji wa kulala wa sentimita 2.5 tu, na bomba la plastiki la kuyeyusha, lile jembamba, lina milimita 20 kwa nje. Hapo nafasi imekwisha! Mwambie fundi alishushe wima.

Wajua jipsamu yenye unyevu hula bomba la chuma? Lifunike kwa saruji.

Kabla ya lipu, jaza bomba maji, fungua presha, kisha zungushia kila kiungo gazeti kavu hadi asubuhi. Likilowa hata kona moja, usikubali lipu ipigwe. Piga picha ukuta ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana. Ukija kutundika kabati, picha hiyo itakuonyesha pa kutoboa.

Wajua kona iliyopinda chini ya sinki hubaki na maji makusudi, ili harufu ya mtaro isipande? Alexander Cumming alisajili choo chenye kona ya namna hiyo London mwaka 1775. Usiizike kamwe ukutani, maana ndipo mabaki ya ugali hukwama.

Koki ya kufungia maji nayo isifukiwe. Jikoni kwa mama, Somanda mjini Bariadi, chini ya sinki kuna pazia la kitenge lililopitishwa kwenye kamba. Usiku mmoja kiungo kilifumuka. Mama alivuta kitenge, akaingiza mkono gizani, akafunga koki. Maji hayakufika hata kwenye gunia la mahindi.