Kamera za Plastiki katika Bonde la Mathare

Askari anayehamishiwa mahali asipopajua huanza kwa kuulizia ramani. Basi na sisi tuanze na ramani. Kaskazini-mashariki ya kitovu cha jiji la Nairobi, mji mkuu wa jirani zetu wa Kenya, mto mdogo uitwao Mathare umepita katika bonde ambalo zamani lilikuwa machimbo ya mawe. Kusini ya bonde hilo ipo Barabara ya Juja, na ng'ambo yake kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh. Kaskazini ipo Barabara ya Thika, na huko ndiko iliko Depo ya Polisi ya Mathare. Kwa maneno mengine, wakazi wa bonde hili wamelala kati ya askari wa anga na askari polisi kwa miaka mingi. Sidhani kwamba ujirani huo umewafanya wafahamiane.

Historia ya mahali hapo haikuwasaidia. Katika miaka ya Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau, nyumba za Mathare zilibomolewa, na mnamo Aprili 1954 jeshi la kikoloni pamoja na polisi likauzingira mji mzima wa Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwakusanya watu kwa maelfu, wakapelekwa vizuizini. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 watu walirudi bondeni, wakajenga tena kwa mbao, udongo na mabati, wakazidi kuongezeka. Mwezi Agosti 1982, wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, kambi ya Eastleigh ilikuwa miongoni mwa zile zilizoasi. Hivyo mtoto aliyezaliwa Mathare alijifunza mapema kumtambua mtu mwenye sare kwa mbali, na akajifunza pia njia ya kumkwepa.

Ramani haionyeshi jambo hilo. Picha nazo, kwa muda mrefu, hazikulionyesha. Waandishi wa habari walikwenda Mathare palipokuwa na moto, mafuriko au msako wa chang'aa. Wakasimama juu ya ukingo wa bonde, wakapiga picha ya mapaa ya mabati yaliyoshika kutu, kisha wakarudi mjini kabla ya jua kuchwa. Picha hizo hazikuwa za uongo. Ila zilikuwa picha za mgeni, na mgeni huona paa. Aliye chini ya paa hamwoni.

Makala haya yanahusu watu waliojaribu kuligeuza jambo hilo. Kuwaeleza hakuna budi kuanza na mpira wa miguu. Mwaka 1987 raia mmoja wa Kanada, Bob Munro, alishirikiana na vijana wa bondeni kuanzisha Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa kifupisho chake cha Kiingereza, MYSA. Sharti lake lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulitimiza: timu inayotaka kucheza ligi ni lazima pia ishike koleo na toroli, izoe takataka mitaani kwake. Kazi hiyo ya usafi huingizwa katika msimamo wa ligi na timu ikapewa pointi zake, kama vile inavyopewa kwa ushindi. Timu yenye washambuliaji hodari lakini yenye mikono mivivu huweza kujikuta chini ya timu ya wachezaji wa kawaida waliosafisha mitaro.

Jambo la pili, nalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza, ni nani aliyeongoza. Makocha, waamuzi na viongozi wa kanda walikuwa vijana wenyewe, wengine wakiwa hawajamaliza shule. Walifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Malipo yao yalikuwa pointi za uongozi, na aliyekusanya pointi nyingi aliweza kupata msaada wa karo, fedha zikalipwa shuleni moja kwa moja. Sisi tulio jeshini tunajua thamani ya mpango wa namna hiyo. Koplo aliyetoka katika safu za kuruta huwafundisha kuruta kwa njia ambayo ofisa aliyetoka chuo cha kadeti haiwezi, hata akiwa na vyeti vingapi, kwa sababu koplo anakumbuka malengelenge ya miguu yake mwenyewe.

Ni katika chama hicho ambamo, mwezi Septemba 1997, mpiga picha Mmarekani Lana Wong na Francis Kimanzi, kijana wa MYSA, walianzisha mafunzo ya kupiga picha. Wanafunzi walikuwa 31, wavulana kwa wasichana, wa umri wa miaka 12 hadi 17. Kila mmoja alipewa kamera ya plastiki ya thamani ya dola 30 hivi. Kwa mpiga picha wa gazeti, fedha hizo huenda zisitoshe kununua hata mkoba wa kubebea kamera yake. Wakaendelea wiki kwa wiki, wakipiga picha na kuandika habari zao wenyewe, kwa muda wa miaka miwili. Mwaka 1999 kazi yao ilitolewa kitabuni.

Mradi ulipewa jina la Kiingereza, Shootback. Katika lugha hiyo tendo la bunduki na tendo la kamera hutajwa kwa neno moja, basi jina lilikuwa na maana kwamba aliyezoea kulengwa sasa naye analenga. Mimi jina hilo silipendi sana, maana mtu wa kazi ya silaha anajua kwamba kujibu risasi si mchezo wa maneno. Lakini ukifikiri vizuri, lugha yetu ilikwisha kutangulia huko: tunapiga risasi, tunapiga picha, tunapiga mpira, tunapiga hodi, na hakuna anayeshtuka.

Wasomaji vijana waliozaliwa katika zama za simu yafaa waelezwe jinsi kamera za siku zile zilivyofanya kazi. Ndani yake huwekwa mkanda wa picha 24 au 36. Ukishabonyeza, picha imekwisha kupigwa, na huwezi kuitazama wala kuifuta. Mkanda ukiisha hupelekwa kusafishwa, na hapo ndipo utakapojua kama ulichokiona ndicho ulichokipata, au umekata kichwa cha nyanya yako na kubakiza kanga. Mtu aliyewahi kusimama katika uwanja wa shabaha ataelewa mara moja. Kuruta hupewa risasi za kuhesabu, na maganda hurudishwa yakahesabiwa tena. Hapo hakuna kufyatua ovyo. Anashika pumzi, anatulia, anachagua. Mtoto mwenye mkanda mmoja hujifunza kuchagua vivyo hivyo: katika yote yanayopita mbele ya macho yangu leo, lipi linastahili picha moja?

Tena kamera rahisi za namna hiyo hazina lenzi ya kuvuta mbali karibu. Ukitaka uso wa mtu uonekane, ni sharti usogee wewe mwenyewe kwa miguu yako, hatua mbili tatu kutoka kwake, na huwezi kusogea hivyo kama mtu huyo hakukujua. Hapa upungufu wa chombo uligeuka kuwa faida. Mpiga picha mgeni mwenye lenzi ndefu angeweza kumnasa mama akifua nguo huku yeye yuko ng'ambo ya mto. Mtoto wa Mathare hakuwa na hila hiyo, wala hakuihitaji, kwa sababu mama aliyekuwa akifua alikuwa mama yake. Aliweza kuingia nyumbani saa ambazo mgeni hawezi kuingia, alfajiri kabla ya kwenda kuteka maji, au usiku kitanda kimoja kinapogawanywa kwa watoto wanne. Hakuomba ruhusa kwa mjumbe wala kwa afisa. Aliishi humo.

Naandika haya nikiwa mtu ambaye kazi yake jeshini ni habari na picha. Ofisi kama yangu huchagua picha ipi itoke na ipi ibaki kabatini, na sioni aibu kusema hivyo. Jeshi lolote lina mambo yasiyopaswa kuanikwa, na sheria ya kutopiga picha kambini ina sababu zake. Lakini mtaa si kambi. Nimepata kusikia askari wenzangu wakisema kwamba kijana wa mabandani mwenye kamera ama ameiiba, ama anatafuta ushahidi dhidi yetu. Neno hilo ni la kulipima kwa utulivu. Ikiwa ameiiba, sheria ipo. Ikiwa anapiga picha ya tunavyofanya kazi mbele ya watu, basi picha hiyo itatudhuru pale tu tunapofanya yasiyotakiwa, na hapo kilichotudhuru si kamera. Askari wa doria anayempokonya mtoto chombo chake na kukivunja juu ya lami amewapa watazamaji hamsini habari moja ya kusimulia, nao watamsimulia.

Wakenya walilipa gharama kubwa ya kutofahamiana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 fujo zilizuka, na Mathare ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia. Majirani walichomeana nyumba, na familia zikakimbilia hata kwenye viwanja vya serikali. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini kote, na katika hao 405 walikufa kwa risasi. Siziandiki tarakimu hizi kuwalaumu askari wa nchi nyingine, ambao mazingira yao siyajui kama wao wenyewe. Naziandika kwa sababu kila mmoja wetu anaweza siku moja kupangwa zamu mahali kama pale, saa nane za usiku, bila kujua nani amelala nyuma ya ukuta wa bati ambao risasi hupita kama kwenye karatasi. Picha ya kitanda cha watoto wanne ingefaa kutazamwa kabla ya zamu hiyo, pamoja na ramani.

Francis Kimanzi hakubaki katika kamera; aliendelea na mpira, akafika kuwa kocha wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, zaidi ya mara moja. Miongoni mwa wale watoto 31 alikuwamo Julius Mwelu, ambaye wengine walipoiweka kamera chini yeye aliendelea nayo hadi ikawa kazi yake. Alipiga picha kwa ajili ya IRIN, shirika la habari lililokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na huko huko Mathare akaanzisha taasisi yenye jina lake ya kuwafundisha vijana wa bondeni picha na filamu. Aliyefundishwa akawa mfundishaji, naye hakuhitaji kuonyeshwa njia ya kufika darasani. Fujo za mwaka 2008 zilipokuwa zikiendelea, baadhi ya picha zilizokwenda duniani zilitoka kwa mtu aliyekuwa amekulia ndani ya bonde, na chini ya kila moja limeandikwa jina lake.