Maji Yanayotangulia Katika Mashine ya Moyo

Mnamo tarehe 6 Mei 1953, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, tabibu John Gibbon alimpasua binti wa miaka 18 aliyezaliwa na tundu katika ukuta unaotenga vyumba vya juu vya moyo, na kwa muda wa dakika zipatazo 26 kazi ya moyo na mapafu yake ikafanywa na mashine ambayo tabibu huyo aliisumbukia kwa karibu miaka ishirini. Binti akapona, na tiba iliyodhaniwa kuwa muhali ikawa jambo la kila siku.

Lisilosimuliwa aghalabu ni kwamba mashine hiyo haiungwi na mgonjwa ikiwa tupu, kwani hewa ya mirijani ikipata njia ya kufika ubongoni yaweza kuleta mauti. Hivyo hujazwa kwanza maji, lita moja na nusu hivi kwa mtu mzima, na mtaalamu anayeiendesha huigonga mirija na kichujio kwa mkono, akiyafuata mapovu kwa macho mpaka yote yapande na kutoka. Zamani ilijazwa damu ya wahisani, chupa kwa chupa. Baadaye ikadhihirika kuwa maji ya chumvi yatosha kwa watu wazima walio wengi, na kwamba damu iliyozimuliwa kwa kiasi hupita kwa wepesi zaidi mwili unapopozwa.

Lakini mwili hautambui kuwa mirija ile imeletwa kuuokoa. Damu iguswapo na plastiki, protini zake za ulinzi huamka, chembe nyeupe hukasirika na kumwaga sumu zilizokusudiwa vijidudu, na mwako huo, ambao kwa kawaida hukaa penye jeraha tu, huenea mwili mzima. Kuta za mishipa midogo hulegea, maji yakavuja kuingia nyamani na mapafuni. Ndiyo maana jamaa wanaomwona mgonjwa siku ya pili humkuta kope zimevimba na vidole vimejaa.

Hapo ndipo uchaguzi wa maji unapokuwa na uzito. Maji ya chumvi ya asili ya Sydney Ringer, aliyefanya utafiti wake London katika miaka ya 1880 kwa mioyo ya vyura, ni rahisi kwa bei, ila hayakai sana mishipani. Albumini, protini itokanayo na damu ya binadamu, huyashika maji na kuipaka mirija utando unaopunguza ukali wake, lakini ni ghali. Yale yaliyotiwa wanga yalipendwa sana, hata mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Marekani na Ulaya wakatoa onyo juu ya madhara yake, na huko Marekani wakataja waziwazi kutoka damu kupita kiasi katika upasuaji wa aina hii.

Je, cha ghali ndicho bora? Matabibu wa Helsinki waliwapima wagonjwa 1,386, wengine wakipewa albumini na wengine maji ya Ringer, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 hayakuonyesha kuwa albumini ilipunguza madhara makubwa. Kadhalika dawa kali za kutuliza mwako, zilizojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 na habari zake kutolewa mwaka 2015, hazikupunguza vifo. Nami naona hii ni habari njema kwa nchi zetu, ambako hospitali hulazimika kuhesabu kila shilingi: maji ya bei nafuu, yakitumiwa kwa kiasi na uangalifu, hayamdhulumu mgonjwa.

Mtoto mchanga, hata hivyo, ana hukumu yake. Damu yake yote haijai hata glasi mbili, na maji ya mashine yaweza kuishinda kwa wingi. Ikizimuliwa kwa maji matupu, damu hiyo itakosa nguvu ya kubeba hewa safi. Kwake yeye aghalabu hapana budi mashine itiwe damu ya mtu. Basi msomaji mwenye afya, ukisikia wito wa kuchangia damu katika mji wako, nenda.