Bosi akisema 'table', muulize anamaanisha ipi

Cheki hii. Uko Roysambu, saa tatu usiku, umejifungia chumbani na laptopu kwa sababu unafanya kazi ya mtandaoni na bosi wako yuko Chicago. Umemwomba akuongezee malipo. Anajibu: "Let's table it." Wewe roho inatulia. Shuleni na kwenye taarifa za bunge, ku-table ni kuleta jambo mezani lijadiliwe. Unakesha ukipanga hoja. Kesho yake unamwaga zote, naye anashangaa: kwani si alisema tuachane nayo kwanza?

Hapo hakuna aliyedanganya. Kwa Mwingereza, na sisi tuliorithi Kiingereza chake, ku-table ni kuwasilisha jambo lishughulikiwe. Kwa Mmarekani ni kulipiga kalenda, tena mara nyingi bila tarehe. Katika bunge lao, hoja ya ku-table ikipita, kwa kawaida jambo hilo limezikwa.

Rudi Mei 2024. Mswada wa Fedha ulipofika bungeni, Kiingereza cha hapa kilisema umekuwa 'tabled', nawe ukajua moto umewaka. Binamu aliyekulia Texas angesikia hivyo angekwambia pumua, umewekwa kando.

Wakubwa pia wamenaswa. Winston Churchill alisimulia kwenye kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia kwamba maafisa wa Uingereza walikuwa na waraka wa dharura, wakawaambia wenzao wa Marekani wanataka ku-table. Wamarekani wakakataa kata kata: jambo lilikuwa zito mno kufungiwa kwenye droo. Wakabishana kwa muda mrefu, tena vikali, kabla ya kugundua kuwa wote walitaka kitu kile kile. Vita vinaendelea huko nje, wazee wanapigania meza!

Na meza yenyewe ni moja. Huyu anaona karatasi imewekwa hapo isomwe, yule anaona imeachwa hapo watu wakaendelea na mengine.

Lakini usiwacheke sana. Sisi tuna 'kuazima'. Ukisema "nimeazima simu kwa Otieno", wewe ndiye uliyepokea. Ukisema "Otieno ameniazima simu", yeye ndiye aliyetoa. Neno ni lile lile, pande mbili. Hatugombani kwa sababu lile 'ni' dogo katikati ya kitenzi linatuonyesha simu imeelekea wapi. Ujumbe wa maneno matatu kutoka Chicago hauna msaada huo.

Kwa hivyo ukiliona neno hili, usijifanye umeshika. Uliza hapo hapo: tulijadili sasa, au tuliweke kando? Ni afadhali uonekane mshamba dakika moja kuliko kukesha bure. Na akisema tuliweke kando, mwombe tarehe.