Wastani wa Kinondoni Haumjui Mtu wa Tandale

Masaki na Tandale zote ziko Manispaa ya Kinondoni. Sasa we chukua vyoo na mabomba ya manispaa nzima, gawanya kwa watu wake, utapata namba nzuri tu, ambayo haipo Masaki wala Tandale. Bajeti ikifuata namba hiyo, anayeumia unamjua.

Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, na safari hiyo majengo nayo yalihesabiwa. Dawa ni kuzishusha takwimu hadi mtaa: watoto wa umri wa shule wangapi, nyumba ngapi zinachangia choo kimoja, wazee na wenye ulemavu wanaishi wapi. Hapo diwani anabishana kikaoni kwa hoja, siyo kwa sauti.

Na siyo lazima kungoja miaka kumi sensa irudi. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa UDSM na Ardhi (ndiyo, wenzetu hawa hawa) vichochoroni, wakachora nyumba na mifereji kwa ajili ya mafuriko. Wanafunzi walikuwa na simu. Waliojua maji hufika dirisha lipi ni wenyeji.