Istilahi za Ujenzi: Uchomozo na Vihimili Vyake

Katika kaunta za jikoni za mawe, ukingo wa bamba huachwa utokeze nje ya kabati ili wakaao wapate nafasi ya magoti. Sehemu hiyo twapendekeza iitwe uchomozo, kwani upenu ni wa paa.

Bamba la itale lenye unene wa sentimita 3 lina uzito wa kilo 80 hivi kwa mita ya mraba. Jiwe hustahimili mno kugandamizwa, bali kuvutwa halikuwezi. Mtu aegemeapo uchomozo, uso wa juu huvutwa, na ufa huanzia juu ya ukingo wa kabati. Kwa hiyo mafundi wengi huweka kihimili uchomozo uzidipo sentimita 25. Kwa bamba la sentimita 2, uzidipo 15.

Lakini “kihimili” ni neno pana. Nguzo husimama sakafuni. Mwega hukingama mshazari kutoka ubavuni mwa kabati. Mkono ni chuma kilichofungwa kabatini, kikalala chini ya bamba. Agizo lisilobainisha hayo humwachia fundi kubahatisha, na jiwe likikatika huangukia magoti ya mtu.