Nani Aanzishe Kazi Ntobeye?

Mhudumu anayezunguka vitongoji vya Ntobeye, wilayani Ngara, hufungua kishikwambi chake asubuhi na kukuta ramani yenye alama alizopangiwa: kituo cha maji cha kukagua, kaya ya kutembelea, mpaka wa shamba wa kuhakiki. Kila alama ni kazi. Ina aliyeipanga, anayeitekeleza na hali iliyofikia: imepangwa, inaendelea, imesitishwa, imekataliwa au imekamilika. Sasa tuseme yuko njiani, katikati ya migomba na mibuni, akakuta bomba limepasuka mahali ambapo ramani haina alama yoyote. Afanye nini? Jibu lilishatolewa na msimamizi wa mfumo, pengine akiwa Bukoba au Dodoma, siku alipoweka au kuacha kuweka tiki kwenye kisanduku kimoja: mfanyakazi aliye nje ya ofisi aruhusiwe kuanzisha kazi mpya, au asiruhusiwe.

Uamuzi huo huachiwa fundi wa kompyuta, kana kwamba ni suala la rangi ya alama. Kumbe ni suala la madaraka. Anayeruhusiwa kuanzisha kazi ndiye anayeamua tatizo gani lipo na lipi halipo, gari la idara liende wapi, na posho ya wiki alipwe nani. Hoja yangu ni kwamba haki ya kuibua kazi iwe ya aliye eneo la tukio. Haki ya kuiidhinisha, kuitengea fedha na kuifunga ikae kwa wengine. Na ofisi ibebe wajibu wa kumjibu aliyeibua. Sehemu moja ya mpango huu ikikosekana, nyingine hazifanyi kazi.

Ofisi zinazowafungia wahudumu mlango wa kuibua kazi zina sababu. Wahudumu watatu wanaopita njia moja wanaweza kuandika bomba lilelile mara tatu, na fundi akatumwa mara tatu. Anayelipwa kwa idadi ya kazi, akiruhusiwa kujitungia kazi na kuzifunga mwenyewe, amekabidhiwa ufunguo wa hazina. Ngara inaijua hatari hii kuliko wilaya nyingi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikazaliwa wilayani humo. Kwa umati ule na haraka ile, mashirika yaliwategemea viongozi waliokuja na wakimbizi hao kutayarisha orodha na kugawa chakula. Idadi zikatiwa chumvi, mgao ukageuka nguvu ya kisiasa mikononi mwa watu ambao baadhi yao walihusika na mauaji ya kimbari waliyoyaacha nyuma yao. Funzo lake halijachakaa: mtu mmoja asiwe ndiye anayeandika hitaji, anayelithibitisha na anayegawa kinachokidhi hitaji hilo.

Lakini kufunga mlango kabisa kuna gharama, na gharama hiyo haionekani kwenye ripoti, kwa kuwa kisichoandikwa hakihesabiwi. Mfano uko karibu. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kuwapo kwa virusi vya Marburg katika wilaya jirani ya Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13, watu 10 walikuwa wamefariki: wawili waliothibitishwa na maabara, na wanane waliohesabiwa kuwa huenda waliugua. Watu 281 waliotangamana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21.

Orodha ya namna hiyo haitungwi mezani Dodoma. Hujengwa mlango kwa mlango, jina moja likileta jingine: aliyeosha mwili wa marehemu, aliyempakia mgonjwa kwenye pikipiki, ndugu aliyekuja msibani kisha akarudi kwao. Kila jina jipya ni kazi mpya ya siku 21. Mhudumu akiambiwa na mama wa nyumba kwamba kuna mgeni aliyelala pale na ameondoka jana, halafu mfumo wake unamruhusu tu kujaza alama alizotumiwa, jina lile litabaki kwenye daftari, au kwenye kumbukumbu yake, mpaka atakapopata mtandao na mtu wa kumpigia. Kwa ugonjwa kama Marburg, saa hizo ni hatari.

Sekta ya afya imeanza kuupata mpaka sahihi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hatangazi mlipuko. Anatoa taarifa ya tetesi. Ngazi ya juu yake ndiyo inayohakiki, na maabara ndiyo inayothibitisha. Programu ya AfyaData, iliyoundwa na kituo cha ufuatiliaji wa magonjwa ya kuambukiza cha SACIDS chenye makao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, imejengwa juu ya fikra hiyo: taarifa inaanzia kwa mtu wa kijijini mwenye simu, na uamuzi unafanywa na wataalamu. Haki ya kusema na haki ya kuamua zimetenganishwa, na hakuna aliyenyimwa yake.

Hata hivyo, kufungua mlango peke yake hakutoshi. Mwaka 2010 taasisi ya Daraja ilianzisha mpango wa Maji Matone, uliowataka wananchi kutuma ujumbe mfupi wa simu kituo cha maji kinapoharibika. Majaribio yalifanyika katika wilaya tatu. Lengo la mwanzo lilikuwa jumbe 3,000. Katika miezi sita zilipokewa 53. Daraja yenyewe ilitangaza matokeo hayo hadharani na kuusitisha mpango, kitendo cha uaminifu ambacho miradi mingi haithubutu kukifanya. Sababu zilikuwa kadhaa: mtandao hafifu, wanawake wanaoteka maji kutoshika simu, na zaidi ya yote, watu kutoamini kwamba serikali ingechukua hatua. Ruhusa ya kuibua kazi isiyofuatwa na jibu hufa yenyewe. Mhudumu wa Ntobeye akituma mapendekezo matano na yote yakamezwa na kimya, la sita hataliandika.

Na tatizo lenyewe si dogo. Wizara ya Maji ilipochora ramani ya vituo vya maji nchini kati ya 2011 na 2013, karibu vituo 4 katika kila 10 vilikutwa havitoi maji. Ramani ile ilikuwa kazi kubwa na ya maana. Ila kituo huharibika siku yoyote, na ramani isiyo na njia ya kupokea habari kutoka kwa anayepita hapo kila wiki huzeeka kabla ya wino kukauka.

Mfano wa kutenganisha madaraka tunao tayari katika sheria zetu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi, lakini haiwezi kumgawia mtu kipande bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mradi wa MAST, ulioanza mkoani Iringa mwaka 2014, uliupeleka utaratibu huo kwenye simu. Vijana wa kijiji walitembea na wenye mashamba na kurekodi mipaka, majirani wakiwapo, kisha kumbukumbu zikabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme kabla ya hati ya hakimiliki ya kimila kutolewa. Kijana aliruhusiwa kuanzisha kumbukumbu. Hakuruhusiwa kuifanya kuwa haki.

Basi ofisi ya Ngara, iwe ya maji, ya afya au ya ardhi, ifanye nini inapotayarisha mfumo wake? Programu nyingi za ramani za kazini hutenganisha ruhusa tatu: kuongeza, kuhariri na kufuta. Mhudumu apewe ya kuongeza, apewe ya kuhariri alichoandika mwenyewe, na anyimwe ya kufuta. Anachoongeza kiingie kama pendekezo, kikiwa na picha, mahali kilipo, saa na sentensi moja ya maelezo. Kabla ya kulihifadhi, aonyeshwe mapendekezo mengine yaliyo karibu, ili marudio yapungue. Yote hayo yafanyike hata pasipo mtandao, kwa sababu mabonde ya Ngara hayangoji mnara.

Msimamizi awe na muda maalumu wa kujibu, na anayekataa aandike sababu ambayo mhudumu ataisoma. Kazi ya kutengeneza ifungwe na mtu asiye fundi aliyelipwa kuitengeneza. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuthibitisha kama maji yanatoka. Kwa dharura ya afya pendekezo ligeuke kazi papo hapo, uhakiki ufuate. Kila mtu awe na akaunti yake, kwa kuwa nenosiri la pamoja hufuta uwajibikaji wote huu. Na majina ya wagonjwa yaonekane na wanaohusika tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu kishikwambi kama inavyohusu kabati la hospitali.

Kuna watakaosema taratibu hizi zitawachosha watumishi wachache walio na kazi nyingi. Ni kweli kwamba kusoma mapendekezo kunachukua muda. Lakini ofisi isiyo na muda wa kusoma taarifa za wahudumu wake inapanga safari, mafuta na vipuri kwa kubahatisha, na hasara yake hulipwa na mwananchi anayeteka maji mbali zaidi.

Njia ya kupima ni nyepesi. Katika kikao cha kila mwezi zisomwe namba mbili kwa kila kata: mapendekezo yaliyotoka kwa wahudumu, na yaliyojibiwa. Ya kwanza ikiwa sifuri, kata hiyo haijakosa matatizo. Imekosa mtu anayeruhusiwa kuyasema, au anayeamini kuna faida ya kuyasema. Ya pili ikiwa ndogo, anayepaswa kuulizwa ni msimamizi. Madiwani wanaweza kuzidai namba hizo kuanzia kikao kijacho, bila kusubiri programu mpya.